Hema Tupu la Kiwanja Namba 17

Hema lilikuwa jipya, la bluu, limefungwa zipu mpaka chini.

Siku ya kwanza halikuwa na mtu. Siku ya pili halikuwa na mtu. Siku ya tatu likaanza kunuka.

Sisemi kunuka kwa soksi. Nasema ile harufu inayokukaba kooni, ukimeza mate unahisi umekula kitu. Nzi walikuwa wamejaa kwenye zipu, wanagombania nani aingie kwanza.

Nikajisemea, Renae, humu ndani kuna maiti.

Aisee, ningejua kilichomo, ningeomba iwe maiti kweli. Maiti angalau haina hila.

Kaeni vizuri niwasimulie, maana mpaka leo nikikumbuka natema mate.

Mimi naitwa Renae Kangas. Sisi ni watu wa juu ya daraja, kaskazini kabisa mwa jimbo la Michigan, Marekani, Wafini ambao mababu zetu walitoka Finland enzi za migodi. Ukivuka daraja kwenda kusini unawakuta wale tunaowaita watu wa chini ya daraja. Wana hela, wana magari marefu, na kila Julai wanapanda kwetu kama nzige.

Kila baya la kwetu tunawasukumia wao. Samaki wamepungua? Ni wao. Foleni ya bucha imekuwa ndefu? Ni wao. Kumbukeni hilo, tutalihitaji mbele.

Baba yangu, mzee Arvo, maisha yake yote aliendesha gari la serikali la kusukuma theluji barabarani. Vuli moja kiharusi kikampiga upande wa kushoto. Nilipofika hospitali nikaanza kulia, akaniangalia hivi.

"Unalia nini? Nimekufa upande mmoja tu. Huu mwingine bado unaweza kukuzaba kibao."

Ndiye baba niliye naye.

Lakini nguvu za mguu hazikurudi. Mimi nafanya kazi za zamu, na nyumba yangu ina ngazi ambazo zingemmaliza. Mimi na mdogo wangu Lorna tukakubaliana kwamba mwezi wa nane Baba atahamia nyumba ya wazee mjini. Nilidhani atagoma. Hakugoma. Aliomba kitu kimoja tu.

"Nipelekeni kumi na saba kwanza."

Kumi na saba ni kiwanja cha kupiga kambi kwenye hifadhi ya Pickerel Bend, ziwani. Familia yetu imelala hapo kila Julai tangu sijazaliwa. Viwanja vingine viko mlimani, vina mizizi na mawe. Hicho peke yake ardhi yake ni tambarare kutoka mlango wa hema mpaka majini. Kiti cha magurudumu unakisukuma kwa kidole. Na hapo ndipo marehemu mama yangu alipomfundisha Baba kuogelea, limtu lizima lina ndevu, linapiga kelele kama mtoto.

Zamani ulikuwa unafika tu na hema lako. Siku hizi sahau. Unabuki nafasi mtandaoni miezi sita kabla, saa mbili kamili asubuhi. Yaani ni Januari, theluji imefika dirishani, na wewe unagombania jua la Julai na watu usiowaona. Ukichelewa hata kwa chafya moja, umebaki na kiwanja cha jirani na jalala.

Halafu kuna hili. Mlango wa kubuki unafunguka kufuatana na siku unayofika kambini. Anayefika Jumapili anabuki asubuhi moja kabla ya yule anayefika Jumatatu. Shikeni hapo, msipaachie.

Sasa sisi hatufiki Jumapili. Jumamosi ni sauna, ile kuoga mvuke ya Kifini, Jumapili ni kanisa na kupumzika, Jumatatu ndiyo tunafunga mizigo. Baba hajawahi kusafiri Jumapili kwa starehe, hata mara moja. Ukimkumbusha kwamba theluji alikuwa anaisukuma mpaka Jumapili, anakujibu, "Ile ilikuwa amri ya serikali. Dhambi ni ya serikali."

Mji mzima unalijua hilo. Hata mbwa wetu alikuwa analijua.

Basi, Januari tukakutana jikoni kwangu. Mimi na kompyuta yangu, Lorna na simu yake, Baba kwenye kiti chake. Na Kip.

Kip ni mume wa Lorna, shemeji yangu. Anauza pikipiki za theluji kwenye duka moja kubwa mjini. Ni mtu wa maneno, Kip. Angeweza kukuuzia pikipiki ya theluji katikati ya mwezi wa sita na ukamshukuru. Alikuja na kompyuta yake mwenyewe, akakunja mikono ya shati.

"Leo ni vita, shemeji! Mwaka huu hatutoki bila kumi na saba!"

Nilikuwa nimeoka ule mkate wetu wa iliki. Kip akala nusu yake kabla hata ya saa mbili.

"Vidole tayari!" akapaza sauti. "Mzee, omba Mungu."

"Mungu habuki," Baba akasema. "Bofyeni."

Saa mbili ikafika, tukabofya.

Kumi na saba ilikuwa nyekundu. Imeshachukuliwa.

"Haiwezekani," Lorna akasema. "Hata sekunde haijapita!"

Kip akapiga meza mpaka vikombe vikaruka. "Watu wa chini ya daraja hao! Wana mashine zinazobofya zenyewe! Wezi wakubwa! Mzee mgonjwa, mwaka wake wa mwisho, wanamnyang'anya hivihivi! Hawana haya!"

Alilaani mpaka Lorna akamwambia apumue. Mimi machozi yalinilengalenga. Nikasema kimoyomoyo, shemeji huyu nilikuwa simjui, kumbe ana moyo.

Alipoondoka nikamfungia na mkate wa kwenda nao nyumbani. Nausema huo mkate kwa sababu ndio unaoniuma kuliko yote.

Sisi tukaambulia namba 44. Juu kabisa mlimani, ubavuni mwa vyoo.

Julai ikafika. Jumapili ile ya kabla ya safari, Kip hakuja kanisani. Lorna akasema tumbo linamsumbua tangu alfajiri. Mchungaji akaomba tusimame tumwombee. Tukasimama. Kanisa zima, na wazee wenye mikongojo, tukaliombea tumbo la Kip.

Jumatatu tukafika 44.

Vyoo vya shimo, jua kali, upepo unatoka kule kuja kwetu. Kiti cha Baba kikanasa kwenye mzizi wa kwanza, mimi na Kip tukambeba kama gunia. Ziwa lilionekana kipande kidogo katikati ya miti, kama sahani iliyosahaulika nyuma ya kabati.

Baba akatazama kile kipande, halafu akavuta pumzi.

"Vizuri," akasema. "Mmeamua kunizoesha nyumba ya wazee mapema."

Hakuna aliyecheka.

Nikashuka kwenda kumi na saba. Nilitaka tu kumwona huyo aliyetuwahi, nimwombe kistaarabu, pengine tubadilishane hata siku mbili. Nikakuta lile hema la bluu. Hakuna kiti, hakuna gari, hakuna jivu kwenye shimo la moto. Kamba zimekazwa vizuri, na nyasi za mlangoni zimesimama hazijakanyagwa.

Jumanne nikarudi. Vilevile.

Nikamfuata Bi Gundry. Huyu ni mama mtu mzima anayekaa kambini msimu mzima kwa kujitolea. Anauza kuni na kusuluhisha ugomvi, na masaa mengine anafuma soksi pale getini.

"Bi Gundry, kumi na saba hakuna mtu."

"Hema lipo."

"Hema halioti moto, Bi Gundry. Hema haliogi ziwani."

"Mwanangu, kimelipiwa na hema limesimama. Kanuni ndiyo hiyo. Hema likiwepo, tunahesabu mtu yupo."

"Baba yangu yuko kule juu anavuta hewa ya choo!"

Akaacha kufuma. "Nimemwona. Roho imeniuma. Lakini nikianza kung'oa mahema ya watu, kesho nitang'olewa mimi."

"Ni nani huyu mtu?"

"Jina sitoi. Ila nikwambie, ndiyo mtindo wa siku hizi. Mtu anataka Ijumaa na Jumamosi tu. Anajua akisubiri zamu ya Ijumaa hatapata, kwa hiyo analipia wiki nzima, anasimamisha kihema cha bei rahisi, anarudi kwake kulala kitandani. Zunguka uone mwenyewe."

Nikazunguka. Wallahi nilichefuka. Hema tupu hapa, hema tupu pale, na sehemu moja mtu kaweka meza na kitambaa cha maua, basi, kaondoka. Huku getini gari limesimama, mahema yamefungwa juu, watoto wamebandika pua kwenye vioo, na Bi Gundry anawaambia pamejaa. Pamejaa nini? Pamejaa vitambaa! Baba wa wale watoto akageuza gari, na mimi nikaona aibu kama vile nimewafukuza mimi.

Nikapanda 44 nimefura.

"Achana nao, shemeji," Kip akasema, anageuza nyama kwenye moto. "Usiguse mali ya watu. Hao wa chini ya daraja wana mawakili mpaka wa mbwa wao."

"Nataka kumwona sura yake tu."

"Watakuja Ijumaa hao, utawaona."

Sikio likasikia, akili ikapitiliza. Ijumaa. Kajuaje Ijumaa?

Nikachukua kiti changu cha kukunja, nikakitega njiani, macho kwa macho na lile hema. Nikasema hapa sibanduki mpaka mwenyewe aje, nimwambie yaliyo moyoni. Nilikuwa na maneno nimeyapanga, mengine hayafai kuandikwa.

Kip naye siku hizo alikuwa na kiherehere cha barafu. Kila baada ya muda kidogo, "Ngoja nikanunue barafu." Nikamwona anakuja kwenye ile njia ya ziwani na mfuko begani. Akinikuta nimekaa pale, anashtuka.

"Umeniletea barafu? Ubarikiwe, shemeji!"

"Aah... ndiyo. Joto hili."

Naipokea, natia kwenye soda yangu. Nikawa nawasifia watu wa hema la jirani: jamani mimi nina shemeji, anapanda na kushuka mlima kuniletea barafu.

Jumatano ndiyo harufu ikaanza.

Mchana ule jua lilikuwa linachoma, na upepo ukageuka ukatoka ziwani. Ikanijia usoni. Nikadhani ni samaki kafia ufukweni. Nikasogea. Nzi. Nikasogea tena, nikashika mdomo, nikakimbia moja kwa moja kwa Bi Gundry.

Akaja na fimbo yake ya kuchochea moto. Hatua chache kabla ya hema akasimama, uso ukabadilika.

"Hiyo ni nyama."

"Nyama ya mtu?"

"Nyama ya kula. Na dubu anapita ufukwe huu kila mwaka." Akavuta pumzi kwa hasira. "Chakula ndani ya hema lisilo na mtu? Hapo kanuni inageuka, mwanangu. Hilo nalifungua."

Habari kambini haina miguu lakini inakimbia. Watu wakajaa. Nikapanda 44 kuwaita wenzangu. Kip alikuwa hayupo, Lorna akasema kafuata barafu. Baba akasema, "Nipelekeni. Kama kuna maiti nataka kuiona, nijue mwenzangu kafaje." Tukamshusha mimi na Lorna na jamaa mmoja wa hema la jirani, tukamweka pembeni kwenye ile ardhi tambarare. Ikawa mara yake ya kwanza kuliona ziwa zima mwaka ule, lakini macho yake hayakuwa ziwani.

Bi Gundry akashika zipu kwa ncha ya vidole, akavuta.

Jamani.

Harufu ilitoka kama ilikuwa imefungiwa na inatudai. Mwanamke mmoja akatapika hapohapo kwenye maua. Ndani hapakuwa na godoro wala nguo. Palikuwa na deli, sanduku la kupozea chakula kwa barafu, jekundu, la zamani, mfuniko umesukumwa juu. Ndani yake soseji za bucha zimevimba, zimegeuka rangi ya ukungu, zinaogelea kwenye maji ya kahawia pamoja na samaki waliokwisha kulegea. Funza wanatambaa kwenye karatasi ya bucha bila haraka, kama wamelipia.

Mimi sikuwaangalia funza. Nilikuwa naangalia mfuniko. Bawaba yake ilikuwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli.

"Hilo deli ni langu," Baba akasema.

"Baba, madeli mekundu yako mengi," nikasema. Sijui nilikuwa namtetea nani.

"Huo mpira niliukata kwenye baiskeli yako ulipokuwa mdogo. Bibie, ligeuze. Chini pana alama ya kuungua. Marehemu mke wangu aliliegesha kwenye jiko la sauna."

Bi Gundry akaligeuza kwa fimbo. Ile supu ikamwagika, watu wakarudi nyuma. Chini palikuwa na alama ya kuungua, kubwa, nyeusi.

Deli hilo lilikuwa kwenye banda la Baba. Ufunguo wa banda ninao mimi, na mwingine anao Lorna.

Nikamgeukia mdogo wangu. Alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa anaangalia nyuma yangu.

"Kip," akasema, taratibu kabisa.

Nyuma ya watu alikuwa amesimama Kip. Kakumbatia mfuko wa barafu, maji yanamchuruzikia kwenye viatu. Kumbe barafu yote niliyokuwa natia kwenye soda ilikuwa ya deli hili.

"Naweza kueleza," akasema.

"Eleza," Lorna akasema.

Akaeleza. Ana bosi, anaitwa bwana Thayer, mtu wa chini ya daraja. Kwenye sherehe ya Krismasi ya dukani bosi alisema angependa siku moja kuliona hilo ziwa wanalolisifia. Na nafasi ya umeneja ilikuwa inakaribia kuwa wazi. Kip akaona mbele kunang'aa. Bosi angekuja Ijumaa, akute kiwanja bora cha hifadhi nzima, soseji na samaki wa kwetu tayari. Na sisi? Mbele yetu Kip angejifanya yeye na bosi wamekutana kwa bahati.

"Lakini ulikuwa jikoni kwangu!" nikasema. "Ulikuwa unabofya na sisi! Ulikipata saa ngapi?"

Kip akaukumbatia mfuko zaidi. Barafu ikawa inadondoka.

Aliyejibu ni Baba.

"Alibuki ya Jumapili."

"Alijua sisi hatufiki Jumapili," Baba akasema, pole pole, kama anasoma maandishi ya mbali. "Asubuhi moja kabla ya ile ya jikoni, mwenzetu alikuwa ameshamaliza kazi. Kesho yake akaja kula mkate."

Na Jumapili ile ya tumbo, tulivyokuwa tumesimama kanisani kumwombea, yeye alikuwa hapa anakaza kamba za hema.

"Sasa pale mezani," nikamuuliza, "ulikuwa unabofya nini, Kip?"

Akaangalia chini. "Nilikuwa naangalia hali ya hewa."

Nikatema mate. Sikukusudia, yalitoka yenyewe. Ile nyama na funza wake wala haikunichefua kiasi hicho. Kilichonichefua ni kule kupiga meza, zile laana alizowamwagia watu wa chini ya daraja, na mimi nakata mkate namfungia.

Lorna alikuwa bado hajamaliza.

"Kilikuwa kitupu siku zote hizi," akasema. "Baba yuko kule juu anakula chakula anafukuza nzi wa chooni. Kitupu, Kip. Ungemweka hata hizo siku za katikati."

"Ningesema nimekipataje?"

Ndivyo alivyojibu. Sijaongeza hata herufi.

Bi Gundry akakohoa. "Nafasi ya hema hili nimeifuta. Mwenyewe atalisafisha, na deli, na ardhi, mpaka dubu akipita asijue. Kiwanja kiko wazi. Wa kwanza kuomba anapewa."

Watu walikuwa wengi pale, na kila mmoja alikuwa anakitaka. Baba akainua mkono wake mmoja.

"Mimi."

Hakuna mwingine aliyeinua.

Kip akasugua mchana kutwa, kitambaa kajifunga puani, Baba kamkalia karibu kwenye kiti chake cha magurudumu kama msimamizi wa barabara. "Hapo bado. Kushoto. Wewe si ulitaka umeneja? Anza chini." Harufu ikapungua, haikwisha. Ilibaki ikizurura mpaka mwisho wa wiki, tukaishi nayo.

Jioni tulimsukuma Baba hadi majini, magurudumu yakazama nusu. Akachota maji kwa mkono mzima, akanawa uso. Akanawa tena. Alikuwa analia, na safari hii hakutania. Lorna akaingia majini na nguo zake, akamshika ule mkono usiosikia, wakakaa hivyo.

Hapo mngedhani hadithi imeisha. Bado.

Ijumaa likaja gari refu. Akashuka bwana mwenye viatu vyeupe, na mkewe anapunga mkono kufukuza mbu ambao hata hawajafika.

"Kip yupo?"

"Yuko vyooni," nikamwambia. Na ni kweli, Lorna alikuwa amemhamishia 44 peke yake. "Wewe ndiye bwana Thayer? Umekuja kulala?"

"Kulala?" Akacheka. "Kwenye hema? Hapana, mama. Nilimwambia Kip tangu masika, mke wangu na mbu ni maji na mafuta. Tuna chumba hotelini. Tumepita kusalimia tu."

Tangu masika. Kip aliambiwa hapana akasikia labda, akaendelea kukishikilia kiwanja, hema likasimama, nyama ikaoza. Kwa mtu ambaye hakukitaka.

Bwana Thayer akatazama ziwa, akatikisa kichwa kwa kusifu. Akamwinamia Baba kwa heshima zote. "Mzee, mahali pazuri sana hapa. Nasikia kupata ni vita. Nyinyi mlipataje?"

"Tulifuata harufu," Baba akasema.

Mwezi wa nane Baba akahamia nyumba ya wazee. Umeneja akapewa mtu mwingine. Lorna na Kip bado wako pamoja, hayo ni yao, ila kwangu Kip akija anakunywa kahawa tupu. Mkate nauficha.

Funzo? Kwa watu wangu wa juu ya daraja nasema hivi: kikulacho ki nguoni mwako, na sisi miaka yote tumekuwa tunakung'uta nguo za jirani. Na wewe unayelipia kiwanja usichokilalia, ukaweka hema lisimame badala yako, jua kwamba getini kuna gari linageuzwa. Siku moja ndani ya gari hilo atakuwemo baba yako.

Januari hii nikaenda chumbani kwa Baba, kompyuta kwapani. Ilikuwa asubuhi moja kabla ya siku yetu ya kubuki, nilipita tu kujaribu mtandao. Baba akaangalia saa ukutani, inakaribia saa mbili.

"Bofya sasa," akasema.

"Baba, leo ni zamu ya wanaofika Jumapili. Sisi hatufiki Jumapili."

Akaangalia theluji dirishani.

"Tulikuwa hatufiki," akasema. "Bofya."

Nikabofya. Kumi na saba tukaipata. Sikushangilia, na yeye hakushangilia. Kiwanja Kip alikichukua, tukakirudisha. Jumapili ya Baba, Kip hajairudisha mpaka leo.